Kudungua kombora nje ya angahewa: majaribio 20 na ushei ya Marekani, na vitu vidogo vilivyoyaangusha (uzi mrefu kidogo)

#1 Fundi Baridi (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nijitambulishe mapema nisije nikavamiwa: mimi si mwanajeshi wala mhandisi wa roketi. Ni fundi friji, Tandika, mwaka wa 17 huu. Ila kuna kitu nimekisoma miezi kadhaa sasa, nikiendelea kukaa nacho peke yangu nitapasuka.

Wamarekani wana makombora ambayo kazi yake ni kupanda juu kugonga kombora la adui likiwa bado nje ya angahewa, mamia ya kilomita kutoka ardhini. 40 yako kwenye mashimo huko Fort Greely, Alaska, mengine 4 yako Vandenberg, California. Yamewekwa kwa ajili ya Korea Kaskazini hasa. Roketi kubwa inapanda, inakiachia kidude cha kilo 64 hivi, urefu wake ni mtoto wa darasa la tatu. Mimi nakiita kigongaji. Hakina baruti hata chembe. Kina kamera ya kuona joto, kompyuta, na vijimota vinne vya kujisogeza pembeni. Kinatafuta kichwa cha kombora kwenye giza, kinajipanga mbele yake, kinajibamiza. Basi. Mwendo wa kukutana ni kilomita 7 kwa sekunde na zaidi. Kwa mwendo huo Dar hadi Morogoro ni sekunde 27, hujamaliza hata kufunga mkanda.

Miaka mingi wataalamu walikuwa wanasema hiyo ni sawa na kupiga risasi kwa risasi, haiwezekani. Tarehe 2 Oktoba 1999 ikawezekana. Shabaha, yaani kombora la kuigiza adui, ilitoka Vandenberg, kigongaji kikatoka Kwajalein, visiwa vya Marshall katikati ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 7,000 kati yao. Vikakutana.

Sasa njooni kwenye kilichonivuta mimi. Tarehe 18 Januari 2000 wakarudia. Kila kitu kikaenda sawa, roketi ikapanda, kigongaji kikaachana nayo, kikaona shabaha, kikaanza kuifuata. Zikabaki sekunde 6 hivi. Kamera za joto zikafa. Kikapita.

Unajua nini kilitokea? Kamera ya joto haioni vizuri mpaka yenyewe ipoe sana, vinginevyo joto lake yenyewe linaipofusha. Ndani mna gesi ya kriptoni inapita kwenye mirija myembamba ya kupoza. Kwenye mrija kulikuwa na unyevu. Unyevu ukaganda, ukaziba njia. Hakuna gesi, hakuna ubaridi, hakuna macho.

Wakuu, nilivyosoma hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu dukani. HIYO NI KAZI YANGU. Kila wiki naletewa friji yenye ugonjwa huohuo. Fundi aliyetangulia kajaza gesi bila kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu wote kwanza), maji kidogo yamebaki kwenye mfumo, yanafika mwisho wa kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, yanaganda, yanaziba. Mteja anasema "fundi, friji imelogwa, asubuhi inagandisha mchana inaacha".

Nikaanza kufuatilia mengine yaliyofeli yalifeli kwa nini. Angalieni:

Julai 2000: kigongaji hakikuachana na roketi yake. Vyote viwili vikaenda zao kama abiria aliyekosa kituo. Na puto la kudanganyia walilolibeba upande wa shabaha nalo halikujaa hewa. Siku ya nuksi kabisa. Septemba mwaka huohuo Rais Clinton akasema uamuzi wa kuweka mfumo huu namwachia ajaye.

Desemba 2002: kuachana tena. Kigongaji hakikuachana na roketi.

Desemba 2004: kombora halikutoka hata shimoni, programu ya kompyuta ilijizimia yenyewe sekunde chache kabla.

Februari 2005: halikutoka tena. Safari hii mkono mmoja unaolishikilia kombora ndani ya shimo haukurudi nyuma.

Januari 2010: pamoja na matatizo ya rada, kijimota kimoja cha kigongaji kilikosa waya wa kufungia. Ule uzi wa waya unaopitishwa kwenye nati ili mtetemo usiilegeze. Fundi yeyote wa ndege anaujua.

Desemba 2010: mtetemo ulichanganya kifaa kinachokiambia kigongaji kimeelekea wapi. Dawa ikawa kukikalisha kifaa kwenye kitu laini kinachomeza mtetemo. Kompresa ya friji yako inakalia mipira minne kwa sababu hiyohiyo.

Julai 2013: betri. Volti ikacheza, kompyuta ikazima, kigongaji kikabaki kimeganda kwenye roketi.

Mnaona ninachokiona? Lile gumu, la risasi na risasi, wakipewa nafasi wanaliweza. Kinachowaangusha ni maji kwenye mrija, nati, betri, bawaba. Dola milioni 244 ziliripotiwa kwa jaribio moja tu la 2017, na unaweza kuangushwa na waya wa kufungia nati.

Nipo hapa, karibuni. Mkinipiga mawe pigeni na hoja.

#2 Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mzee wa Hoja

Mleta uzi umeandika vizuri ila ngoja niulize. Majaribio mangapi kwa ujumla na mangapi yamefaulu? Umetutajia waliofeli tu, kama mwalimu anayesoma majina ya wasiolipa ada.

#4 Fundi Baridi (mleta uzi)

Haha, umenishika mzee. Kuanzia hilo la 1999 hadi la Desemba 2023, yaliyofaulu ni 12. Jumla inategemea nani anahesabu. Mei 2007 shabaha yenyewe iliharibika njiani, kombora la kudungua halikurushwa kabisa. Ukiliacha hilo unapata 12 kwa 20. Ukilihesabu unapata 12 kwa 21. Ndiyo maana utakuta wengine wanasema asilimia 60, wengine 57, na kila mmoja anamwita mwenzake mwongo.

Matatu ya mwisho yote yalifaulu: Mei 2017, Machi 2019 na Desemba 2023. Lile la 2017 ndilo la kwanza kutumia shabaha yenye mwendo wa kombora la kutoka bara moja hadi jingine. La 2019 nalipenda zaidi, walirusha mawili kwa mfuatano. La kwanza likagonga. La pili likafika likakuta vipande, likaangalia kama kuna kichwa kingine, halikukiona, likachagua kipande cha hatari zaidi kilichobaki likakipiga hicho.

#5 Bongo Bahati Mbaya

Likachagua lenyewe??? Na mimi simu yangu haiwezi kuchagua mtandao wenye bando.

#6 Mwalimu wa Fizikia

Uzi mzuri. Niongeze hesabu kidogo kwa wale wanaouliza kwa nini hakuna baruti.

Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Chukua kilo moja ya chuma yoyote, iende kilomita 7 kwa sekunde. Unapata jouli milioni 24.5. Kilo moja ya TNT inatoa jouli milioni 4.2 hivi. Kwa hiyo kila kilo ya hicho kigongaji, hata kama ni plastiki, inabeba karibu mara sita ya nguvu ya baruti yenye uzito uleule. Kuongeza baruti hapo ni kumwagia maji baharini. Ni uzito wa bure.

Ugumu uko kwenye muda. Kwa kasi hiyo, mita moja unaipita kwa sehemu moja ya 7,000 ya sekunde. Kosa dogo kiasi hicho linatosha kukupitisha pembeni ya kitu chenye upana wa meza ya chakula. Ndiyo maana Warusi na Wamarekani wa zamani waliona njia ya mkato ni bomu la nyuklia. Marekani walikuwa na kombora la Spartan, kichwa chake megatoni 5, likapanda kulipukia juu huko. Lililinda mashimo ya makombora North Dakota kuanzia 1975, na likafungwa ndani ya miezi michache. Ukilipua kitu kama hicho angani unajipofusha rada mwenyewe. Walishaonja Julai 1962: walilipua megatoni 1.4 urefu wa kilomita 400 juu ya Pasifiki, taa za barabarani zikazimika Hawaii, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Kwa haki ya historia, wa kwanza kudungua kichwa cha kombora bila nyuklia ni Wasovieti, 4 Machi 1961, uwanja wa Sary Shagan, Kazakhstan, chini ya mhandisi Grigory Kisunko. Ila wao walitumia vipande vinavyotawanywa na mlipuko wa kawaida, tena ndani ya angahewa.

#7 Mzee wa Hoja

Mwalimu asante. Lakini mimi nakataa kitu kimoja. Fundi anasema "lile gumu wanaliweza". Wanaliweza kwa mtihani ambao wamejipa majibu. Shabaha inaondoka lini wanajua. Inatokea wapi wanajua. Inaelekea wapi wanajua. Katika majaribio ya mwanzo shabaha ilikuwa na kifaa kinachotangaza "niko hapa, niko hapa" kwa rada. Mbona wasipige kwa hali hiyo? Korea Kaskazini atakufungia kengele shingoni kama mbuzi?

#8 Fundi Baridi (mleta uzi)

Hiyo ya kengele ni kweli, sikatai. Shabaha zilibeba kifaa cha kujitambulisha kwa kuwa hapakuwa na rada ya kufaa upande huo wa bahari, kikatumika kuandaa mpango wa safari ya mwanzo. Dakika za mwisho kigongaji kinatumia macho yake.

Na kuna la zamani lenye utata kuliko hilo. Tarehe 10 Juni 1984, baada ya kukosa mara tatu, jeshi la nchi kavu la Marekani liligonga kichwa cha kombora juu ya Kwajalein. Ndiyo mara ya kwanza kabisa kugongana kimwili nje ya angahewa. Kigongaji chao kilikuwa na mwavuli wa mbavu za chuma, kinafunguka upana wa mita 4 ili kikikosa kwa mwili kiguse kwa mbavu. Ukiona picha utadhani ni antena ya zamani ya TV imepata wazimu. Miaka ya 1990 ikazuka kashfa kwamba walidanganya. Wakaguzi wa Bunge la Marekani wakachunguza, wakatoa ripoti 1994: ulikuwepo kweli mpango wa kuwadanganya Wasovieti kwa kulipua shabaha hata wakikosa, lakini haukutumika kwenye lile lililogonga. Ila shabaha ilipashwa moto kabla ya kurushwa na ikageuzwa ubavu ili ionekane vizuri zaidi.

Kwa hiyo mzee, mbuzi wa kengele wapo.

#9 Mzee wa Hoja

Umeona sasa. Mnyonge mnyongeni.

#10 Mwalimu wa Fizikia

Mzee wa Hoja, hapo niwatetee kidogo. Jaribio lolote la kwanza linafanywa hivyo. Hata fundi wetu akitengeneza friji anaijaribu dukani, hampelekei mteja mwenye hoteli saa ya harusi. Unadhibiti mambo tisa ili ujue la kumi limeharibika wapi.

Kosa kubwa mimi naliona kwingine: mapacha wa uongo, yaani maputo ya kudanganyia. Ndani ya hewa, puto na kichwa cha bomu vinatengana upesi, hewa inalirudisha puto nyuma. Nje ya hewa vinakwenda sambamba. Mnamkumbuka David Scott wa Apollo 15, 1971, aliachia nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja? Huo ndio msiba wa mlinzi wa angani. Adui anamwaga maputo kumi pembeni ya bomu, kamera ya joto inaona nukta kumi na moja. Zaidi ya hapo, anaweza kuliweka bomu lenyewe ndani ya puto.

Lile la 1999 lilibeba puto moja kubwa, linang'aa kuliko shabaha. Kigongaji kilipotoka kilikuwa kimeelekea pembeni kidogo, cha kwanza kukiona kikawa puto. Kutokea hapo kikatafuta mpaka kikaipata shabaha. Wakosoaji kama Theodore Postol wa chuo cha MIT, Marekani, walisema puto ndilo lililokiongoza njia. Watetezi wakasema kilitofautisha viwili, ndilo lengo la jaribio. Ukweli mmoja, masikio mawili.

#11 Kiti cha Mbele

Kahawa imeisha naongeza nyingine.

#12 Mtoto wa Ngomeni

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni wa huku Malindi, Kenya. Nikisoma hii naona kama mnaongelea mtaani kwetu. Pale Ngomeni, baharini, kuna majukwaa ya Waitaliano, San Marco. Kuanzia 1967 hadi 1988 walikuwa wakirusha setelaiti kutoka hapo kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dunia inakupa msukumo wa bure. Ile setelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Hazikuwa za vita hizo, natia chumvi tu.

Na kuhusu chumvi: huo mkono wa shimoni uliokataa kurudi nyuma 2005, ulikuwa wapi?

#13 Fundi Baridi (mleta uzi)

Kwajalein. Kisiwani.

#14 Mtoto wa Ngomeni

Nimemaliza. Hapa kwetu bawaba ya mlango haimalizi mwaka. Bahari haina adabu kwa chuma, haiulizi ni cha Mmarekani au cha nani.

#15 Bi Mkubwa Mafia

Jamani mimi nimesoma uzi wote, mnasema Kwajalein Kwajalein kama vile ni uwanja wa mpira usio na watu. Ni visiwa. Visiwa vina wenyewe. Wenyewe wako wapi wakati hayo makombora yanatua?

#16 Fundi Baridi (mleta uzi)

Dada umeuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Kwajalein ni duara la visiwa vidogo kuzunguka ziwa la bahari kubwa sana. Marekani ilipoanza kuelekeza makombora ya majaribio kwenye hilo ziwa katikati ya miaka ya 1960, watu wa visiwa vya katikati walihamishwa wakapelekwa kisiwa kidogo cha Ebeye. Ebeye haifiki hata nusu kilomita ya mraba, na wanaishi humo watu kama elfu kumi. Kila asubuhi wengi wanapanda boti kwenda kisiwa kikubwa cha jeshi kufanya kazi: kupika, kufua, kufagia, ufundi. Jioni wanarudishwa.

Na hawakukaa kimya. 1982 wenye ardhi, watu wapatao elfu moja, walifunga virago wakarudi kuvikalia visiwa vyao katikati ya eneo la majaribio, miezi kadhaa, mpaka mkataba mpya wa kodi ukajadiliwa. Kumbuka ni taifa lilelile lililolipuliwa mabomu 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958, Bikini na Enewetak.

#17 Bi Mkubwa Mafia

Asante. Basi kwenye orodha yako ya "vitu vidogo" ungeanzia hapo. Mnahesabu nati iliyolegea, watu elfu kumi hamjawaona.

#18 Fundi Baridi (mleta uzi)

Nimekubali. Sifuti post, nimeacha ionekane.

#19 Sharjah Boy

Mimi niko Emirates. Watu wanaona haya ni mambo ya TV. Januari 17, 2022, Wahouthi wa Yemen walipiga Abu Dhabi, eneo la Musaffah, malori ya mafuta yakalipuka, watu watatu wakafa, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Wafanyakazi kama sisi. Baadaye ikajulikana kwamba siku hiyo mfumo wa kudungua makombora uitwao THAAD ulidungua kombora vitani kwa mara ya kwanza. Ule nao unagonga kwa mwili, hauna baruti, unafika kilomita 150 juu.

Yaani kumbe yale waliyokuwa wakijaribu huko Pasifiki miaka yote, paa letu ndilo lililofanyiwa mtihani wa mwisho.

#20 Mzee wa Hoja

Pole ndugu. Na hapo ndipo nilitaka kufika: kuna yeyote aliyewahi kutumia hii ya NJE ya angahewa vitani, au ni maonyesho tu?

#21 Mwalimu wa Fizikia

Ipo. Israel na kombora lao la kudungua, Arrow 3, Novemba 2023, dhidi ya kombora la Wahouthi upande wa Bahari Nyekundu. Hiyo Arrow 3 ilijaribiwa Alaska Julai 2019, kwa sababu Israel ni ndogo, huna mahali pa kurusha kitu kinachoruka mbali hivyo bila kumwangukia jirani. Kisha usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Aprili 2024, Iran iliporusha makombora kuelekea Israel, meli mbili za kivita za Marekani, Arleigh Burke na Carney, zilitumia kombora la kudungua la SM-3 vitani kwa mara ya kwanza.

Ila yale ya Alaska aliyoyaanzishia uzi fundi hayajawahi kutumika vitani. Hata siku moja. Yamejaribiwa tu.

#22 Fundi Baridi (mleta uzi)

Mwalimu umeitaja SM-3, nilikuwa nimeisahau hii tamu. Juni 2017, meli ya USS John Paul Jones ilikuwa inajaribu aina mpya waliyoitengeneza pamoja na Wajapani. Kombora likatoka vizuri, likapanda vizuri, halafu likajilipua lenyewe angani. Kuchunguza, kumbe baharia mmoja alibonyeza kitufe kisicho chake, akaiandikisha shabaha kuwa ni "rafiki". Kombora kuambiwa huyo ni rafiki, likajiua kwa heshima.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2020, aina hiyohiyo ikatoka kwenye meli nyingine, USS John Finn, kaskazini mashariki ya Hawaii, ikaigonga shabaha yenye mwendo wa kombora la bara hadi bara.

#23 Bongo Bahati Mbaya

"Likajiua kwa heshima" 😂😂😂 kombora lina adabu kuliko shemeji yangu

#24 Mama Ntilie wa Anga

Naomba kueleweshwa. Hivyo vipande vikigongana huko juu vinakwenda wapi? Nauliza kwa sababu mwisho wa 2024 lilianguka duara la chuma kijiji cha Mukuku kule Makueni, Kenya, karibu kilo 500. Ni haya haya?

#25 Mwalimu wa Fizikia

Si haya. Lile Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya roketi ya kupeleka mizigo angani.

Vipande vya majaribio haya vinarudi chini ndani ya dakika, kwa sababu vyote viwili vilikuwa safarini kuanguka, havikuwa vinazunguka dunia. Vingi vinaungua, vilivyobaki vinaingia baharini. Hatari ni ukigonga SETELAITI. China waligonga yao ya zamani 11 Januari 2007, urefu wa kilomita 860 hivi, vikatoka vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa, na vingi bado vinazunguka leo. Urusi wakafanya Novemba 2021, vipande zaidi ya 1,500. Marekani waligonga yao Februari 2008 kwa hiyohiyo SM-3, lakini chini, kilomita 247, vikasafishika upesi. India wakafanya Machi 2019.

Ukitazama kwa makini, kifaa cha kudungua kombora na kifaa cha kuua setelaiti ni mtoto wa baba mmoja. Ndiyo maana nchi nyingine haziamini unaposema unajilinda tu.

#26 Mzee wa Hoja

Hapo nakuunga mkono. Na ndiyo maana kulikuwa na mkataba wa 1972 wa kuzibana Marekani na Wasovieti zisijaze haya madude. Bush akajitoa Juni 2002. Trump naye akasema ataweka mengine angani kabisa, yazunguke dunia yakisubiri, kwa dola bilioni 175. Mei 2025 hiyo.

Tufanye hesabu, fundi. Chukua asilimia yako 57. Kombora moja la adui, unarusha manne. Uwezekano wa yote manne kukosa?

#27 Mwalimu wa Fizikia

0.43 mara 0.43 mara 0.43 mara 0.43. Ni 0.034. Yaani ulinzi wa karibu asilimia 97. Na ukitumia manne kwa kila moja, 44 yanatosha makombora 11. La 12 linapita bila kupigiwa hodi.

#28 Fundi Baridi (mleta uzi)

Naomba nipinge hesabu ya mwalimu, japo mimi ni la saba na cheti cha VETA.

Hiyo 0.43 mara nne ni kama kila kombora linafeli kwa bahati yake lenyewe. Lakini ukiniletea friji nne zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja, na moja ina unyevu kwenye kapilari, mimi siulizi "hizo nyingine zina bahati gani". Nafungua zote. Aliyesahau kuvuta vakyumu ya kwanza alisahau na ya pili.

Kilichotokea 2010 ni hicho. Ule mtetemo haukuwa wa kigongaji kimoja, ulikuwa wa muundo wa aina nzima, wakasimamisha kupokea vingine mpaka dawa ipatikane. Kigongaji cha aina hiyo kilichorekebishwa hakikugonga kitu mpaka Juni 2014. Miaka yote hiyo vingine vya aina hiyohiyo vilikuwa vimekaa shimoni, vimewekwa kwenye hesabu ya ulinzi. Wakivirusha vinne, vinne vyote vina ugonjwa mmoja.

Na hawajaribu mara nyingi. Kati ya 2019 na 2023 hawakujaribu kugonga hata mara moja. Friji ikikaa miaka minne haijawashwa, siwezi kukuapia itagandisha.

#29 Mwalimu wa Fizikia

Umenirudisha darasani. Nimekubali. Nilidhania kufeli hakutegemeani, na hapo hakuna sababu ya kudhania hivyo.

#30 Kiti cha Mbele

La saba kampiga mwalimu kwa friji. Uzi upewe pini.

#31 Mzee wa Hoja

Msimvishe kilemba cha ukoka. Lakini fundi, swali la mwisho: kigongaji kipya kinakuja? Maana hivi vya sasa ni vya enzi za Nokia ya tochi.

#32 Fundi Baridi (mleta uzi)

Walijaribu kukisanifu upya wakakifuta Agosti 2019, fedha zimeshaliwa. Sasa wanaunda kombora jipya zima, Lockheed Martin ndio waliochaguliwa Aprili 2024. Nitasubiri jaribio la kwanza. Mimi nitaangalia kwenye mirija.

#33 Mama Ntilie wa Anga

Fundi samahani nje ya mada. Friji yangu ya biashara inagandisha vizuri kama saa mbili, halafu inaacha kabisa, nikiizima ikapumzika inaanza tena. Fundi wa huku kwetu Mbagala kaongeza gesi mara mbili, kachukua hela yake mara mbili. Tatizo nini?

#34 Fundi Baridi (mleta uzi)

Dada, Januari 18, 2000.

Mwambie asiongeze gesi tena. Aitoe yote, akate draya (kile kichujio kinachonyonya unyevu) aweke mpya, avute vakyumu nusu saa au zaidi bila haraka, ndipo ajaze kwa kupima. Akikwambia draya haina haja, nitumie ujumbe pembeni nije mwenyewe. Nauli ya Tandika hadi Mbagala utanipa, samaki wa barafu nitachagua.